Betri Imekufa, au Ina Njaa?

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Kwenu mlioko Gasorwe, Kinama, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na Musenyi, na kwenu mnaotusikiliza hapa Bujumbura, karibuni. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio yako imezimika, karibu pia. Huenda kipindi cha leo ni chako kuliko cha wengine.

Mama mmoja wa Bwagiriza alitutumia ujumbe wa sauti. Alikopa pesa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua paneli ya sola ya wati 20 na betri ndogo ya volti 12, ile iliyoandikwa 7Ah ubavuni, ili achaji simu za majirani. Miezi ya kwanza biashara ilikwenda vizuri, simu nne kila jioni. Sasa akifika simu ya pili, kila kitu kinazimika. Jirani amemwambia betri imekufa, anunue nyingine. Deni la ile ya kwanza bado hajalimaliza. Anauliza: imekufa kweli?

Swali hilo tunalipokea kutoka kila kambi, na kila mara mtu anauliza akiwa tayari ameshika pesa ya kununua nyingine. Kwa hiyo leo tunaomba jambo moja tu: kabla hujatoa hiyo pesa, pima kwanza.

(Sauti za gereji: nyundo, pikipiki inawashwa.)

MTANGAZAJI: Tulishuka Buyenzi. Anayeijua Bujumbura anajua kwamba ukitafuta fundi wa gari au wa pikipiki, unakwenda Buyenzi, na Kiswahili utakikuta huko huko. Fundi aliyetupokea amefanya kazi ya betri kwa miaka mingi. Ameomba tusitaje jina lake, asije akapigiwa simu usiku na kambi nzima.

MTANGAZAJI: Mzee, shikamoo. Hizi betri zimerundikwa hapa mlangoni, zote zimekufa?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Nusu yake zimekufa. Nusu nyingine zimeuawa. Mteja anakuja ananiambia, "Mzee, betri imezeeka." Namuuliza ina muda gani, anasema miezi mitano. Mtoto wa miezi mitano anazeeka? Imelala na njaa tu, siku nyingi, ikaharibika.

MTANGAZAJI: Ili tuielewe njaa hiyo, tuangalie ndani. Betri hizi nzito ni za risasi na asidi. Ni za zamani sana: Mfaransa Gaston Planté aliunda ya kwanza mwaka 1859, na kanuni yake ni ile ile mpaka leo. Ndani kuna mabamba ya risasi. Ndiyo, jina ni moja na risasi ya bunduki, na madini yenyewe ni yale yale. Mabamba hayo yamezama kwenye maji makali, yaani asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Usisahau hivyo vyumba 6, tutavirudia.

Unapotumia umeme, asidi inaingia kwenye mabamba na kuyapaka utando mweupe. Unapochaji, utando unaondoka na asidi inarudi ndani ya maji. Sasa fikiria sufuria ya ugali. Ukiiosha jioni ile ile, inatakata upesi. Ukiiacha siku tatu, ukoko unakauka na utakwaruza mpaka mkono uume. Utando wa betri ni hivyo hivyo. Betri iliyoachwa tupu kwa wiki moja au mbili, utando wake unakuwa mgumu kama jiwe, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Betri itaonekana imejaa haraka na itaisha haraka, kwa sababu tumbo lake limekuwa dogo.

Ndiyo maana fundi anasema zimeuawa.

Tuanze kupima. Kifaa kinachofaa ni multimita. Si lazima uwe nayo. Katika kambi nyingi kuna fundi wa simu au wa redio aliye nayo, na moja inatosha mtaa mzima. Jioni, betri ikiwa imechajiwa kutwa, ichomoe paneli na kila kitu kingine. Iache ilale usiku mzima. Asubuhi pima. Ukipima wakati jua linaichaji, au dakika tano baadaye, namba itakudanganya.

Ikionyesha volti 12.7 au zaidi, imejaa. Ikiwa 12.4, imebaki kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12 kamili ni robo tu, na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaona "12" tunafurahi, kumbe betri inalia njaa. Ikishuka 11.8, hakuna kitu ndani.

Na ikikaa kwenye 10.5 hivi, hata baada ya kuchajiwa kutwa nzima? Rudi kwenye vile vyumba 6. Toa volti 2 za chumba kimoja kwenye 12.7, utaona jibu. Chumba kimoja kimekufa, mara nyingi kwa sababu mabamba yake yamegusana. Betri ya namna hiyo usiihangaikie.

MTANGAZAJI: Mzee, na yule asiye na multimita kabisa?

FUNDI: Achukue balbu ya breki ya pikipiki, ya volti 12 na wati 21. Aunganishe kwenye betri iliyojaa, aangalie saa. Betri ya 7Ah iliyo nzima itaiwasha karibu saa tatu. Ikififia kabla ya saa moja, imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ikififia ndani ya dakika tano, mwanangu, hiyo tuizike.

MTANGAZAJI: Aiache mpaka izime?

FUNDI: Hapana! Atakuwa anaiua mwenyewe. Mwanga ukianza tu kuwa mwekundu, achomoe, na siku ile ile aichaji. Mwenye multimita achomoe ikifika volti 11 huku balbu inawaka.

MTANGAZAJI: Balbu inasema ukweli ambao multimita peke yake haiusemi. Betri mbovu inaweza kuonyesha 12.6 asubuhi, ukaunganisha balbu ikaanguka mpaka 9. Volti za kupumzika ni kama mtu aliyekaa kitini. Mpe mzigo ndipo ujue ana nguvu.

Tukampigia simu yule mama wa Bwagiriza, fundi akiwa kando. Alijaribu na balbu: saa moja na dakika kumi. Kwa hiyo betri yake ni dhaifu lakini haijafa. Kisha fundi akamwomba anieleze jinsi alivyounganisha vitu vyake, na hapo ugonjwa ukaonekana.

Kati ya paneli na betri kuna kile kiboksi chenye taa ndogo, wengi wetu tunakiita regilateri. Kina kazi mbili. Kinazuia jua lisiichaji betri kupita kiasi, na kinakata umeme betri inapokaribia kuwa tupu. Hiyo kazi ya pili watu hawaipendi. Saa mbili usiku wateja wamejaa mlangoni, kiboksi kinakata! Basi mtu anachomoa waya wa kutolea umeme kwenye regilateri, anaunganisha konvertisa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Umeme unarudi, wateja wanafurahi. Konvertisa nyingi ndogo hazikati mpaka betri ishuke kwenye volti 10 na kidogo. Kila usiku betri inakaushwa mpaka tone la mwisho, na asubuhi ikiwa na mawingu inakaa hivyo kutwa.

Sasa hesabu, na hii naomba uandike. Zidisha 12 kwa 7, unapata 84. Hizo ni wati-saa, ndiyo chakula chote kilichomo ndani ya betri ndogo. Ukitaka iishi, tumia nusu tu: 42. Simu kubwa ya kugusa yenye betri ya 4000 mAh inakula kama wati-saa 15, na kwa sababu umeme mwingine unapotea njiani, weka 20. Arobaini na mbili gawanya kwa 20. Ni simu mbili.

Ndiyo, mbili! Zile simu nne za miezi ya kwanza zilikuwa zinalipwa na uhai wa betri. Aliyemuuzia alimwambia inachaji simu kumi. Za vitochi, ndiyo, hata nane zitapita bila shida, maana kila moja inakula 5 hivi. Lakini nani siku hizi anakuletea vitochi peke yake?

Suluhisho la mama huyu si betri kubwa. Ni kubadilisha saa za kazi. Paneli ya wati 20, siku ya jua zuri, inaweza kuleta wati-saa 60 hivi zinazofika kweli. Simu zinazochajiwa mchana, jua likiwa linapiga, hazipitii tumboni mwa betri kwa kiasi kikubwa. Betri ibaki ya taa na redio usiku, na simu moja ya dharura. Na achaji kwa tundu la USB lililoko kwenye regilateri, aachane na konvertisa. Konvertisa inageuza umeme kwenda juu, kisha chaja ya simu inaugeuza kurudi chini, na kila mgeuzo unakula sehemu yake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kuna wakati betri haina kosa lolote. Saa sita mchana, jua kali, paneli imeunganishwa tangu asubuhi, hakuna simu inayochajiwa. Pima kwenye vichwa vya betri. Unatakiwa kuona kati ya volti 13 na 14.4 hivi. Ukiona 12.3 na haipandi, chakula hakifiki. Panda juu uangalie paneli. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaifunika yote, na kivuli kidogo cha mti au cha hema la jirani kwenye kona moja kinapunguza umeme kuliko unavyodhani. Kisha waya. Watu wanavuta mita kumi za waya mwembamba wa spika kutoka juu ya nyumba. Pima mwanzo wa waya na mwisho wake, umeme ukiwa unapita. Ikipungua zaidi ya nusu volti, tafuta waya mnene au ufupishe huo. Angalia pia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Chomoa waya, usugue kwa maji yenye magadi, ukaushe, ukaze vizuri, upake vaselini kidogo.

Ukiona zaidi ya volti 15, regilateri imeharibika na inaichemsha betri. Betri iliyovimba ubavu ilipitia huko, au iliwekwa karibu na bati. Joto linapunguza maisha ya betri sana. Hapa Bujumbura na bonde lote la Rusizi, iweke chini, kivulini, si juu ya kabati chini ya bati.

Jambo dogo ambalo limeharibu vidhibiti vingi: unapofunga mtambo, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli itoke kwanza.

Wenye betri za gari, zile zenye vifuniko vya kufungua juu: maji yake yanapungua. Yanayoondoka ni maji tu, asidi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji maalumu ya betri, yale ya dukani au kwenye gereji. Usiongeze asidi. Usiongeze maji ya bomba wala ya ziwani, yana madini yanayoharibu mabamba. Mabamba lazima yafunikwe kila wakati, lakini ongeza mpaka alama baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo yatamwagika yakipanuka. Na ujue kwamba betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikausha kila usiku haitakaa. Betri ndogo zilizofungwa kabisa, kama ya mama wa Bwagiriza, hazifunguliwi na haziongezwi kitu. Kuna vijana wanatoboa kifuniko na kumimina chumvi, aspirini, hata soda. Fundi alicheka kwanza, kisha akakasirika.

MTANGAZAJI: Mzee, ile iliyolala na njaa, inaweza kufufuka?

FUNDI: Baadhi. Unaichaji polepole, umeme kidogo, siku mbili au tatu mfululizo, volti zisipite 14.4 au 14.7. Unapima kwa balbu, unaichaji tena. Ikipata joto mkononi, acha. Ikirudisha nusu ya nguvu, shukuru. Ikikataa mara mbili, usipoteze jua lako.

MTANGAZAJI: Wakati mwingine chaja au regilateri inakataa hata kuanza, kwa sababu betri imeshuka chini sana na kiboksi hakiioni. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chaja ya gereji, ipeleke kwake. Na usiunganishe betri mpya na ya zamani pamoja ukidhani zitasaidiana. Ile mbovu itainyonya nzima.

Mama wa Bwagiriza alichaji siku tatu bila kumpa mtu simu. Wateja walinung'unika. Baadaye balbu iliwaka saa moja na dakika 50. Si kama mpya, lakini mkopo wa pili hakuuchukua.

Sasa usalama, na hapa msiniache. Betri ikichajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, inayolipuka. Usichajie ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na mbabula, mshumaa au sigara. Vua pete na bangili kabla ya kushika waya, na chuma kisigusane na vichwa viwili kwa pamoja; betri ndogo hiyo ina nguvu ya kuwasha moto, kwa hiyo weka fyuzi kwenye waya mwekundu karibu na betri. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa robo saa nzima bila kuacha, kisha nenda kituo cha afya.

Na ile iliyokufa kabisa? Wengi wetu tumetoka pembeni ya Ziwa Tanganyika, na anayejua uvuvi anajua kwamba risasi inafaa kuwa kizito cha wavu. Kwa hiyo kuna watu wanaivunja betri na kuyeyusha mabamba yake jikoni, kwenye sufuria. Sikilizeni kilichotokea Senegal. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watu walikuwa wanachekecha udongo uliojaa risasi ya betri ili waiuze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa katika mtaa huo, na Shirika la Afya Duniani lilipochunguza likakuta risasi kwenye damu ya watoto na ya mama zao. Karibu nasi, kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Vumbi la risasi halina harufu. Linaingia na mikono ya mtoto anayecheza chini, linadhuru ubongo wake, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Betri iliyokufa ibaki nzima, isimame wima, mbali na watoto na mbali na chakula. Iuze nzima kwa fundi au mnunuzi wa betri chakavu. Ina bei yake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Swali la mwisho ni la kijana wa Kavumu. Yeye na wenzake wameunda gari la kuchezea la waya na malapa, wakatia mota na ile sehemu ya rimoti kutoka kwenye gari la dukani lililovunjika. Betri yao ni ya risasi, volti 6, 4Ah. Taa inawaka, lakini wakibonyeza gari liende, linaruka kidogo, taa inazimika, rimoti haisikiki tena. Wameshabadilisha rimoti mara mbili.

Kijana, rimoti iache. Mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, betri dhaifu inaporomoka, na kile kipokezi cha rimoti kinakosa chakula kinazimika. Pima betri mkiwa mnabonyeza. Volti 6 ni vyumba 3, kwa hiyo gawanya namba zetu zote kwa mbili: iliyojaa ni 6.35 hivi, tupu ni 5.9. Ikianguka chini ya 5 mota inapoanza, betri ndiyo mgonjwa. Ichajini polepole kama tulivyosema. Isipoanguka, kagua waya mwembamba na maungio yaliyolegea. Angalieni pia kama magurudumu yanakwama, maana mota iliyokwama inakula zaidi ya yote. Na kama mnaweza, kipokezi kipeni betri zake ndogo za redio, kisitegemee ile ya mota; waya hasi wa betri zote mbili ukutane, kama kipokezi na mota vinaunganishwa na kiboksi kimoja.

Likienda, tutumieni sauti yake tuirushe hewani wiki ijayo.

(Muziki wa kufunga.)